Ni Nani Apimaye Adhabu?
Habari za sheria kubwa za jinai za Marekani

Kila niulizapo darasani ni nani apimaye adhabu ya mhalifu, wanafunzi hujibu upesi: jaji. Jibu hilo lafaa kwa nchi nyingi, walakini kwa Marekani ya miaka arobaini hii halitoshi. Mhariri amenipa nafasi nilieleze jambo hili, nami nimeipokea kwa furaha, maana wazazi wetu nao husoma magazetini kwamba bunge fulani limekaza sheria, bila kuelezwa mkazo huo humfikiaje mtu aliyesimama kizimbani.

Kwanza yafaa tujue kwamba Marekani ni shirikisho. Kila jimbo lina sheria zake za jinai, polisi wake, mahakama zake na magereza yake, na wafungwa walio wengi wamo katika magereza ya majimbo. Serikali ya Shirikisho nayo ina mahakama na magereza yake kwa wale wanaovunja sheria zake, kama wauzaji wa dawa za kulevya, wanyang'anyi wa mabenki na watu wenye makosa fulani ya bunduki. Kongresi, yaani bunge la Shirikisho, hutunga sheria za mahakama za Shirikisho. Mahakama za majimbo haiziamuru, bali huyavuta majimbo kwa fedha. Msomaji ayashike mambo hayo mawili, sheria na fedha.

Zamani jaji wa Shirikisho alikuwa na uhuru mkubwa. Sheria ilimwambia, kwa mfano, kifungo kisizidi miaka 20, basi. Chini ya hapo alipima mwenyewe. Kisha kwa kawaida mfungwa aliweza kufikiriwa kupewa parole baada ya kutumikia theluthi moja ya kifungo chake, kwa hiyo miaka aliyoitamka jaji haikuwa miaka ambayo mtu alikaa gerezani. Watu wawili wenye kosa moja, mmoja akihukumiwa mjini kwa jaji mpole na mwingine kwa jaji mkali, walipata vifungo visivyofanana hata kidogo. Jambo hili liliwachukiza watu wa pande zote mbili za siasa. Seneta Edward Kennedy alitaka usawa, Seneta Strom Thurmond alitaka ukali, na wote wawili wakaunga mkono sheria moja. Rais Reagan aliitia sahihi mwezi Oktoba 1984.

Sheria hiyo iliunda Tume ya Adhabu, nayo Tume ikatengeneza jedwali lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1987. Jedwali lina ngazi 43 za uzito wa kosa na safu 6 za historia ya mshtakiwa. Jaji hutafuta ngazi, hutafuta safu, na pale zinapokutana huona idadi ya miezi. Wakati ule hakuruhusiwa kwenda mbali na miezi hiyo ila kwa sababu maalum. Parole ilifutwa kwa makosa yote yaliyotendwa tangu siku hiyo. Mfungwa mwenye tabia njema aliweza kupunguziwa siku 54 tu kwa mwaka, na kwa hiyo alitumikia kama sehemu 85 kati ya 100 za kifungo chake.

Jedwali lilikuwa halijaanza bado Kongresi ilipoongeza kamba ya pili. Mwaka 1986 ilitunga sheria ya dawa za kulevya yenye vifungo vya chini visivyoepukika. Mtu aliyeuza gramu 500 za kokeini ya unga alipata miaka isiyopungua 5. Lakini kwa kokeini ya vipande, ambayo wao huiita kraki, gramu 5 zilitosha kumpa miaka hiyo hiyo. Ni dawa ile ile iliyopikwa tu kwa namna nyingine! Kraki iliuzwa zaidi katika mitaa ya maskini, na waliohukumiwa kwa kosa hilo katika mahakama za Shirikisho walikuwa hasa Wamarekani weusi. Tofauti hiyo ya 100 kwa 1 ilidumu mpaka 2010, Rais Obama alipotia sahihi sheria iliyoishusha kuwa 18 kwa 1.

Kifungo cha chini si kitu kigeni kwetu. Wazee watakumbuka sheria ya Tanganyika ya mwaka 1963, iliyomlazimu hakimu kutoa miaka 2 na viboko 24 kwa makosa kadhaa ya wizi na rushwa, isipokuwa katika hali chache.

Sasa tufike kwenye kiini. Watungaji wa sheria hizi walidhani kwamba wakimfunga jaji mikono, adhabu zitakuwa sawa kwa wote. Mimi naona uhuru wa kupima haukuondoka, ulihama tu. Kama adhabu imekwisha kuandikwa pembeni mwa kosa, basi anayechagua kosa la kushtaki ndiye anayechagua adhabu, naye ni mwendesha mashtaka. Yeye huchagua ofisini mwake, mlango umefungwa, wala hatoi hukumu yenye sababu ambayo mtu aweza kuikatia rufani.

Nitoe mfano mmoja uliojulikana sana. Katika jimbo la Utah kijana mmoja ambaye hakuwa na kifungo nyuma yake alimwuzia bangi mtoa habari wa polisi mara tatu, kila mara kama robo kilo hivi. Ilidaiwa kwamba alikuwa na bastola, ingawa hakumwelekezea mtu. Mwendesha mashtaka alimwambia: kiri, upate miaka 15. Kijana akakataa. Ndipo ikaletwa hati mpya yenye mashtaka mengi zaidi, ambayo kwa pamoja yaliweza kumpa miaka zaidi ya 100. Mwishowe makosa matatu ya bunduki yalithibitika. Sheria ilisema la kwanza ni miaka 5, na kila linalofuata ni 25, tena yasitumikiwe pamoja bali moja baada ya jingine. Hesabu ni rahisi: miaka 55. Jaji Paul Cassell, ambaye hakujulikana kwa upole, alitoa hukumu hiyo mwezi Novemba 2004 huku akiandika kwamba ni dhalimu na haipatani na akili. Alionyesha kwamba hata mtekaji wa ndege angepata pungufu ya hapo, akamwomba Rais ampunguzie yule kijana. Yeye mwenyewe hakuwa na uwezo. Kijana aliachiwa mwaka 2016.

Mtu akiona mfano kama huo hatashangaa kusikia kwamba katika mahakama za Shirikisho zaidi ya 90 kati ya kila watu 100 wanaotiwa hatiani hukiri wenyewe bila kesi kusikilizwa. Wako wanaokiri kwa kuwa wametenda, na wako wanaokiri kwa kuwa wamepiga hesabu.

Sheria iliyo kubwa kuliko zote ni ile aliyoitia sahihi Rais Clinton tarehe 13 Septemba 1994, wakati watu walikuwa na hofu ya kweli, maana mauaji yalikuwa mengi mno mijini. Tusiwacheke, mzazi aliyezika mtoto hana subira ya kusikiliza habari za majedwali. Sheria ile iliweka kifungo cha maisha kwa mtu wa Shirikisho anayetenda kosa kubwa la ukatili mara ya tatu. Ilipiga marufuku kwa miaka 10 utengenezaji wa bunduki fulani za namna ya kivita, na marufuku hiyo ikaisha 2004. Iliwaletea msaada wanawake wanaopigwa majumbani, na hilo ni jambo jema lisilotajwa vya kutosha.

Na hapa ndipo fedha zilipofanya kazi yake. Miji iliahidiwa askari polisi wapya 100,000. Serikali ya Shirikisho ililipa hadi robo tatu ya mshahara wao kwa miaka 3, halafu mji ubebe mzigo wenyewe. Majimbo yaliahidiwa mabilioni ya dola ya kujengea magereza, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa kwa yale tu yaliyohakikisha kwamba wahalifu wa ukatili wanatumikia sehemu 85 kati ya 100 za vifungo vyao. Baadhi ya majimbo yalikuwa yamekwisha anza njia hiyo, mengine yaliifuata fedha. Sheria hiyo hiyo iliwanyima wafungwa msaada wa Serikali wa kulipia masomo ya chuo, nao haukurudishwa mpaka 2023. Kama mwalimu, hilo ndilo siwezi kulielewa hata leo.

Mwaka 1980 wafungwa wa Shirikisho walikuwa kama 24,000. Mwaka 2013 walipita 219,000. Ni kweli pia kwamba uhalifu ulipungua sana tangu miaka ya 1990, na wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani ya upungufu huo iliyoletwa na polisi, au magereza, au mambo mengine kabisa.

Tangu hapo kamba zimelegezwa kidogo kidogo. Mwezi Januari 2005 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba jedwali liwe ushauri, si amri. Vifungo vya chini vilivyoandikwa na Kongresi vikabaki palepale. Mwezi Desemba 2018 Rais Trump alitia sahihi sheria iliyokomesha ile hesabu ya 5 na 25 na 25 kwa mtu anayeshtakiwa mara ya kwanza. Haikuwagusa waliokwisha hukumiwa. Lakini iliwaruhusu wafungwa kumwomba jaji wenyewe awapunguzie kifungo kwa sababu nzito, badala ya kungoja wakuu wa magereza wawaombee, na barua hizo zikaanza kufika mahakamani kwa maelfu.