Mwalimu Aliyewasikiliza Wazee wa Gusii

Mtoto wa Suneka, katika nchi ya Wanchari, akiuliza maana ya jina Kabianga, huambiwa kwamba mazao ya mababu yalikataa kumea huko. Habari kama hizo zilikaa vinywani mwa wazee tu, na kila mazishi yalizipunguza.

Bwana William Ochieng', mwanachuoni wa historia, aliwaendea wazee akawasikiliza. Mwaka 1974 kitabu chake juu ya Wagusii, tangu mwaka 1500 hivi hata 1914, kilipigwa chapa. Naye ni Mjaluo, wa majirani walioshikiana mikuki zamani! Baadaye alikuwa Profesa katika Chuo Kikuu cha Maseno. Alifariki mwaka 2014. Wengi wa wazee wale walikuwa wamekwisha kumtangulia.