Shiraz ya shamba moja: thamani ya mizabibu mikongwe

Mvinyo mwekundu mwingi hutengenezwa kwa zabibu za mashamba kadhaa, ili kasoro ya shamba moja ifidiwe na jingine. Hill of Grace, Shiraz ya familia ya Henschke nchini Australia, haina kinga hiyo. Zabibu zake zote hutoka katika shamba moja la Bonde la Eden, Australia Kusini, mkabala na kanisa la Kilutheri la Gnadenberg, jina la Kijerumani lenye maana ya kilima cha neema.

Mizabibu yake mikongwe zaidi ilipandwa karibu mwaka 1860. Jimbo hilo lilisalimika na filoksera, mdudu aliyeangamiza mashamba mengi ya Ulaya katika karne ya 19, hivyo mizabibu hiyo ingali juu ya mizizi yake ya asili. Huzaa kidogo, lakini zabibu zake hutoa ladha nzito ya matunda meusi, pilipili manga na viungo.

Mvinyo huo ulianza kutengenezwa mwaka 1958. Mwaka 1974 na 2000 haukutolewa kabisa, kwa kuwa mavuno hayakufikia kiwango. Kwa familia hiyo, kulinda jina hilo kuna maana ya kukubali hasara ya mwaka mzima, na uchache huo ni sehemu ya bei yake kubwa.