Treni ya Mezani Ilula: Ununue, Uagize au Utengeneze?

Ilula haina reli. Ina barabara kuu ya TANZAM, ina malori ya Zambia yanayopumua baada ya kumaliza mlima wa Kitonga, ina nyanya na vitunguu vilivyopangwa kando ya lami. Lakini anayetaka kukiona kichwa cha treni ya TAZARA kwa macho yake hana budi kupanda basi mpaka Makambako. Ndiyo maana mtu wa huku akitaka treni ndogo ya kuendesha juu ya meza hana hata pa kuulizia bei. Muuza vitu vya kuchezea atamwonyesha treni ya plastiki inayozunguka huku ikipiga king'ora na kuwaka taa za rangi zote, kisha atashangaa akiambiwa mteja anataka inayofanana na ile ya TAZARA inayopita Mlimba.

Vijana wetu wanajua kutengeneza. Malori ya bati na mbao, mabasi ya maboksi yenye majina ya kampuni ubavuni, vyote hivyo vinapatikana mtaani. Treni inatofautiana na lori kwa jambo moja tu: lazima ikae kwenye reli na isianguke. Sharti hilo dogo ndilo linalokula hela na usingizi.

Tuanze na anayetaka kununua. Seti ya kuanzia kutoka nje, yenye kichwa, mabehewa machache, duara la reli na kifaa cha umeme, ni shida kuipata chini ya dola 100. Tuseme pamoja na usafiri mzigo umefika dola 150. Vitu vya kuchezea kutoka nje ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa asilimia 25, kwa hiyo umefika 187.5. Juu ya hapo weka VAT ya asilimia 18: sasa ni dola 221 na senti, kabla ya tozo ndogondogo. Mojawapo ya tozo hizo ni ya maendeleo ya reli, iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo. Kwa hiyo treni yako ya mezani nayo imechangia reli ya kweli, na hilo angalau linapunguza uchungu.

Ukiamua kuagiza, agiza Uingereza, usiagize Marekani. Kifaa cha umeme cha seti ya Marekani mara nyingi kimetengenezwa kwa volti 120. Ukikichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 kinatoa moshi kabla hujakaa kitini, na kununua kipunguza umeme ni gharama nyingine. Seti ya Uingereza inakuja na umeme wetu na plagi yetu ya miguu mitatu.

Halafu angalia unataka treni ipi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Reli ya kuchezea iliyoenea zaidi duniani ina upana wa milimita 16.5. Kwa kipimo cha 1:87, yaani treni iliyopunguzwa mara 87, upana huo unalingana barabara na milimita 1,435, yaani SGR yetu ya Dar es Salaam na Dodoma. Mpenzi wa SGR basi anaweza kununua reli ya dukani na kupaka mabehewa yake rangi anayotaka. TAZARA ni habari nyingine. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa upana wa milimita 1,067 ili iungane na reli za Zambia na za kusini zaidi. Ukiiweka kwenye kipimo cha 1:87 unahitaji reli ya milimita 12, ambayo ni adimu na ghali. Ukitaka kutumia ile ya 16.5 iliyozoeleka, jenga treni yako kwa 1:64. Hesabu inakaribiana sana, na hata wajenzi wa New Zealand, ambako reli ni za upana huohuo wa TAZARA, wanatumia njia hiyo.

Mimi nashauri kitu kikubwa zaidi: 1:32, reli ya milimita 33. Behewa la mita 20 ambalo kwa 1:87 lingekuwa na sentimita 23 sasa linafika sentimita 62. Watu wanadhani dogo ni nafuu. Kwa anayenunua, ni kweli. Kwa anayetengeneza Ilula, kubwa ndilo nafuu, maana malighafi ni ya bure au ya bei ya chakavu, na kinachokugharimu ni kurudia kazi. Kishikio cha mlango cha milimita mbili kinapotea. Cha milimita sita unakikata kwa mkasi wa kawaida, na kikianguka unakiona. Ubaya wake ni nafasi. Chumba cha kupanga hakiwezi kubeba duara la treni ya namna hiyo, kwa hiyo jenga njia iliyonyooka ukutani, treni iende na kurudi. TAZARA yenyewe haizunguki duara.

Mataruma yako tayari mtaani. Tenga la nyanya lililovunjika lina vibanzi vya mbao laini vya paini, vyembamba kiasi kwamba kwa kisu na rula unapata mataruma mengi kwa jioni moja. Kwa reli yenyewe kuna chaguo mbili. Spoki za baiskeli ni imara na zinapatikana kwa kila fundi baiskeli, ila zile zinazong'aa sana zinakataa lehemu kabisa. Utazisugua, utazipasha, risasi itabiringika na kudondoka. Waya wa shaba wa kuwekea umeme nyumbani, ule mgumu wa uzi mmoja wenye milimita nne za mraba, ni ghali kidogo kwa mita lakini unashika lehemu mara moja na kunyooka kwa kuvutwa na plaizi mbili. Chukua shaba. Mabaki ya kwa fundi umeme huuzwa kwa kilo, na mita moja moja unaweza kupewa bure ukisalimia vizuri.

Bati la kichwa cha treni nalo lina mtego. Kopo la soda linakatika kirahisi na linapendeza, lakini ni alumini, halilehemeki kwa vifaa vyetu. Kopo la maziwa ya unga au la nyanya ya kopo ni chuma kilichopakwa bati, linashika vizuri. Beba sumaku ya spika mbovu mfukoni: ikishika kopo, chukua, isiposhika, acha. Na katika mji wenye maduka ya pembejeo kila kona, nisiposema hili nitakuwa nimekosea: makopo na chupa za dawa za nyanya usiziguse, hata ziwe nzuri namna gani. Dawa hizo hazioshwi zikaisha, na moto wa lehemu unazigeuza mvuke mbele ya pua yako.

Sasa chuma cha kulehemu, kifaa ambacho ningemshauri mtu ajinyime soda mwezi mzima akinunue vizuri. Chaguo ni tatu. Kuna cha mkaa, cha fundi koroboi. Kuna cha umeme cha wati 40 kisicho na kirekebisha joto. Na kuna cha wati 60 chenye gurudumu la kuongeza na kupunguza joto, ambacho kwa kawaida hakizidi mara mbili au tatu ya bei ya kile cha kawaida. Wanaotetea cha mkaa husema umeme ni ghali. Tupige hesabu: wati 60 kwa saa nzima ni uniti 0.06. Kwa mtumiaji mdogo anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hiyo ni shilingi sita. Hata kwenye daraja la juu haifiki 25. Mkaa wa kupasha chuma saa moja huupati kwa hela hiyo.

Cha mkaa kinafaa kwa mabati mazito, lakini kinakuja na tindikali ya kusafishia, na hapo ndipo balaa. Tindikali inasafisha bati vizuri sana. Ikigusa nyaya za mota haikomi. Leo treni inatembea, wiki ijayo kwenye kiungo kuna ukungu wa kijani na umeme haupiti. Kwa nyaya tumia utomvu wa paini uliosafishwa, ule unaouzwa kwenye kikopo kidogo kwa mafundi simu. Na waya wa kulehemu nunua wenye alama ya 60/40: huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Ule usio na risasi hauyeyuki mpaka nyuzi 217 na kuendelea, na kwa chuma cha bei chee unasumbua zaidi. Risasi ni sumu, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na meza hiyo isiwe ndiyo ya chakula.

Umeme ukikatika katikati ya kiungo, usijidanganye kwamba kimeshika kwa sababu kinaonekana kimeshika. Kiungo kilichopoa kabla ya wakati huwa na uso wa kijivu, wenye chenga. Umeme ukirudi, kipashe upya chote. Treni ikikwama baadaye utakagua mota, betri, swichi na magurudumu, na mwisho utakuta ni palepale.

Gundi. Kila duka la Ilula lina supa gluu, na kila mtengenezaji amewahi kuondoka na kipande cha treni kidoleni. Usivute. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni yanalegeza polepole. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha kwenye duka la vipodozi, inalegeza haraka. Gundi ikimwagikia nguo ya pamba usiikandamize kwa kiganja, kwa sababu gundi hiyo ikikutana na pamba hutoa joto la kuunguza ngozi. Inagandishwa na unyevu wa hewani, ndiyo sababu kiangazi, hewa ya Ilula ikiwa kavu, inachelewa. Na inaacha ukungu mweupe kwenye dirisha la plastiki ulilolihangaikia siku nzima. Chupa kubwa ni hasara hata kama kwa gramu ni rahisi, maana ukishaifungua inagandia humohumo. Nunua vichupa vidogo, kimoja kimoja.

Kwa mbao na maboksi, gundi nyeupe ya mbao haina mpinzani: inapimwa kwa bei ndogo, inafutika kwa kitambaa kibichi, inakupa nafasi ya kurekebisha. Inataka usiku mzima tu, na subira haiuzwi. Gundi ya moto ya vijiti iache kwa ajili ya kushikilia nyaya chini ya meza. Treni ikikaa dirishani juani, gundi hiyo inalegea na paa linateleza.

Mota nenda nayo kwa fundi redio, ununue chakavu. Hapa ulizia vizuri. "Kaka, naomba ya deki la DVD, ile inayotoa sahani nje," ndivyo unavyosema, na usikubali akikupa ya deki la kaseti kwa bei ileile huku akisema zote ni mota. Nyingi za kaseti zina kidhibiti ndani chake cha kushikilia mwendo mmoja. Utapunguza umeme, itazunguka vilevile. Utapunguza zaidi, itazima ghafla. Treni yako itakuwa na mwendo wa basi au hakuna. Ile ya trei ya DVD inatii, na ukiomba uichukue na meno yake ya plastiki umeokoa kazi ya wiki.

Umeme wa kupitisha kwenye reli ni mzuri kwa picha. Kwa vumbi la hapa utakuwa ukisugua reli kwa spiriti kabla ya kila safari. Betri ndani ya behewa ni bora zaidi. Betri kavu za bei ya chini ni rahisi siku ya kwanza, lakini mota ndogo inazimaliza kwa jioni chache; za kuchaji ni mara kadhaa ya bei hiyo, na hela yako inarudi kabla ya msimu kuisha. Zile za lithiamu zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu zina nguvu kuliko zote, ila bila kifaa cha kuchajia chenye kinga zinaweza kuwaka moto. Kama hujui kuzipima kwa mita, ziache.

Skrubu zikidondoka sakafuni, ile sumaku ya spika ndani ya mfuko wa plastiki inazikusanya. Seti ya bisibisi thelathini kwenye boksi la kupendeza haina thamani. Vichwa vyake ni laini, vinajiviringa na kuharibu skrubu. Kwa bei hiyohiyo nunua mbili tu za fundi simu.

Rangi paka alfajiri, kabla upepo haujaamka, kisha funika kazi kwa boksi safi mpaka ikauke. Ya kupuliza inatoka laini lakini nusu inapotelea hewani. Kikopo kidogo cha rangi ya mafuta na brashi laini kinapaka treni nzima na kinabaki.

Vitakavyokosekana Ilula na Miyomboni, Iringa mjini, vitatoka Kariakoo kwa basi. Mwambie muuzaji mzigo ushukie Iringa, si Ilula, hata kama utalipa nauli ya kuufuata. Mabasi mengi ya Mbeya hapa yanapita bila kusimama. Mzigo wangu uliwahi kupitiliza hadi Mbeya, na nililipia pia safari yake ya kurudi. Jina na namba ya simu viandikwe pande zote mbili za boksi, na risiti yenye namba za gari utumiwe kwa picha kabla basi halijatoka stendi.