Je, Wajua? Simba wa Tsavo, Mchwa wa Oscar na Kamera ya Mkulima wa Mutomo

Ukitaja Makueni, watu hukumbuka maembe. Ukitaja Kitui, hukumbuka asali. Mpenzi wa filamu naye ana yake ya kukumbuka. Pande hizi za Ukambani, pamoja na majirani zake, zimezaa au kuchochea baadhi ya filamu za ajabu kabisa, na nyingi zilitengenezwa na watu wasio na studio kubwa nyuma yao.

Mkulima aliyejirekodi hadi Paris

Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo huko Kitui, alirekodi maisha ya nyumbani kwake na kijijini kwa takriban miaka 5, na kazi hiyo ikawa filamu ndefu iliyozunguka dunia! Inaitwa *Thank You for the Rain*. Ilitoka mwaka 2017, naye aliitengeneza pamoja na Julia Dahr, mwongozaji kutoka Norway. Humo utaona ukame, mafuriko, na dhoruba iliyoharibu nyumba yake. Utamwona pia akiwashawishi majirani wapande miti, wakati mkewe, Christina, amebaki na mzigo wa shamba na watoto. Mwaka 2015 alifika mpaka Paris, kwenye mkutano mkuu wa tabianchi wa COP21. Filamu nyingi kuhusu ukame hupigwa na mgeni anayekaa siku chache kisha akaondoka. Hapa mwenye kamera ndiye mwenye shamba, ndiye anayelala chini ya paa linalong'olewa na upepo.

Simba wetu walifungua zama za 3D

Filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya Marekani kutumia 3D inahusu simba wa Tsavo! *Bwana Devil* ilianza kuoneshwa Novemba 26, 1952, huko Los Angeles. Ilitokana na kisa cha simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, mahali ambapo leo ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Mtito Andei. Studio kubwa zilikuwa zimeikataa teknolojia hiyo, hivyo mwongozaji wake, Arch Oboler, akaitengeneza filamu hiyo kwa kujitegemea. Watu walipofurika, studio zilezile zikaanza kukimbizana na 3D. Ile picha maarufu ya ukumbi uliojaa watu waliovaa miwani ya 3D, iliyopigwa na J. R. Eyerman wa jarida la *Life*, ni ya watazamaji wa filamu hii hii.

Mchwa wa Kenya waliwania Oscar

Mchwa, ndiyo, mchwa! Filamu ya Alan na Joan Root, *Mysterious Castles of Clay* ya mwaka 1978, iliingia kwenye orodha ya kuwania Oscar ya filamu ndefu za hali halisi. Msimulizi wake hakuwa mwingine ila Orson Welles, yule aliyeongoza *Citizen Kane*. Mume na mke hao wa Kenya waliingiza kamera ndani ya kichuguu na kuonesha mji mzima wenye malkia, vibarua, askari na mfumo wake wa hewa. Kumbe ajabu ya kiwango cha Oscar imo kwenye kichuguu kilekile ambacho mtoto wa Mwingi hukizunguka akisubiri kumbikumbi mvua zikianza.

Picha za Mzima zililipiwa kwa damu

Mwaka 1974, wakipiga filamu chini ya maji katika chemchemi za Mzima, Alan na Joan Root walishambuliwa na kiboko. Jino lake lilitoboa barakoa ya Joan ya kuzamia, kisha mnyama akamng'ata Alan mguuni. Wote wawili walipona, na wakaendelea na kazi yao. Maji yale maangavu yaliyowavuta wapigapicha ni mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu, jirani na Kibwezi, ikachujwa na mawe ya volkano chini kwa chini mpaka Mzima. Sehemu yake husafiri kwa bomba hadi Mombasa.

Wahusika wote ni marehemu

Katika *Kati Kati*, msichana aitwaye Kaleche anazinduka nyikani bila kumbukumbu yoyote, anafika kwenye loji, na kuambiwa kwamba yeye na wenyeji wake wote wamekwisha kufa! Mwongozaji ni Mbithi Masya, jina ambalo Mkamba yeyote atalitambua, na hii ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Mwaka 2016 ilishinda tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, katika tamasha la Toronto. Ina takriban dakika 75, muda usiofikia hata mechi moja ya kandanda, lakini maswali yake kuhusu hatia na msamaha hukaa na mtu kwa muda mrefu.

Vita vya maji, kwa dakika 21

*Pumzi* ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, inatupeleka miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vilivyopiganiwa maji. Watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, na jasho na mkojo wao husafishwa ili wanywe tena. Mwaka uliofuata ilioneshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Aliyewahi kuchimba mchanga wa mto mkavu akitafuta maji ya kunywa ataielewa filamu hii upesi kuliko mtazamaji wa Hollywood.

Ukumbi wa miaka zaidi ya 300

Ukitoka Ukambani ukavuka bahari, Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, huonesha filamu hadharani, usiku, ndani ya Ngome Kongwe iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17. Tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Tamasha pia hupeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, ili asiyeweza kufika mjini naye asikose.

Kutoka vyuma chakavu hadi Ujerumani

*Who Killed Captain Alex?* ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa mtaa wa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, hutajwa kuwa iligharimu chini ya dola 200! Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu, na msimulizi, VJ Emmie, anashangilia na kutania juu ya picha mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2022 kundi la Nabwana lilialikwa Documenta huko Kassel, mojawapo ya maonesho makubwa kabisa ya sanaa za kisasa duniani.

Simu ya mfukoni inatosha

Hata Marekani kuna wanaoanza na kidogo: *Tangerine*, iliyotikisa Sundance mwaka 2015, ilipigwa kwa simu za iPhone 5s. Mwongozaji wake, Sean Baker, alibeba Oscar 4 kwa usiku mmoja mwaka 2025, kwa filamu yake nyingine, *Anora*. Kijana wa Wote au Mwingi mwenye simu na kisa cha kusimulia hana tena sababu ya kungoja kamera kubwa.