Diana Deutsch na Hila za Sikio

Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, mtafiti mmoja mwenye umri wa miaka 35 alivaa visikilizio, akauwasha mtambo utoe sauti mbili alizozitengeneza mwenyewe, na akasikia jambo ambalo kwa hesabu ya fizikia halikuwamo. Sauti hizo zilipishana kwa oktavi moja kamili: sikio la kulia lilipopewa ya juu, la kushoto lilipewa ya chini, na baada ya robo ya sekunde zikabadilishana, zikaendelea hivyo pasipo kukoma. Kwa kanuni, msikilizaji angepaswa kuzisikia zote mbili kwa pamoja wakati wote. Yeye alisikia moja tu kila mara: ya juu kuliani, kisha ya chini kushotoni, kwa zamu. Akavigeuza visikilizio, cha kulia akakitia kushotoni na cha kushoto kuliani. Walakini sauti ya juu haikuhama, ikabaki kuliani kana kwamba hakuna kilichogeuzwa.

Mtafiti huyo ni Diana Deutsch, na habari ya ugunduzi wake ilichapishwa mwaka 1974 katika jarida mashuhuri la Nature. Alipowapima watu wengine aliona kuwa wengi wa wale watumiao mkono wa kulia husikia kama alivyosikia yeye, ilhali wenye kutumia mkono wa kushoto hutafautiana sana, huyu akisikia hivi na yule vile. Hapo ikadhihirika kuwa sikio si mlango mtupu wa kupitishia sauti. Baina ya mtikisiko wa hewa na kile tunachokiita kusikia imo kazi kubwa ya ubongo, na kazi hiyo haifanyiki kwa namna moja kwa wanadamu wote.

Alizaliwa London mwaka 1938, akasoma Oxford, kisha akahamia Marekani, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1970 katika chuo kile kile cha San Diego. Elimu aliyoingia haikuwa changa: Helmholtz, Mjerumani, alikuwa ameeleza tangu 1863 jinsi sauti za muziki zinavyoundwa, na Seashore wa Iowa alitoa mwaka 1919 santuri za kupimia vipawa vya wanafunzi wa muziki. Lakini vipimo vya namna hiyo aghalabu viliishia katika tafauti ndogo za sauti moja na nyingine. Deutsch aliuliza swali kubwa zaidi: sauti nyingi zinapoingia pamoja, akili huzipanga kwa sheria gani hata zikawa lahani?

Jaribio lake la kwanza kujulikana, la mwaka 1970, lilihusu kumbukumbu. Msikilizaji alipewa sauti moja, akangoja sekunde tano, akapewa ya pili, akaulizwa kama ni sawa. Ikiwa katika kitambo hicho palitamkwa tarakimu, hakukosea sana, hata alipotakiwa azikumbuke tarakimu zenyewe. Ikiwa palipigwa sauti nyingine za muziki, alipotea, ijapokuwa aliambiwa asizijali. Basi kumbukumbu si ghala moja la vitu vyote. Sauti za muziki zina chumba chao, na humo ndimo zinamosukumana.

Miaka michache baadaye alizigawa noti za ngazi ya muziki, moja sikio hili na inayofuata sikio lile, hata kila sikio likapokea mrukoruko usio na umbo. Wasikilizaji hawakuusikia mrukoruko huo. Walisikia lahani mbili laini, moja ya juu na moja ya chini, kila moja ikitoka upande wake, kwa kuwa akili ilizikusanya noti zilizokaribiana kimo na kuzipa makao mapya. Tchaikovsky alikuwa ameandika jambo la jinsi hiyo katika mwanzo wa sehemu ya mwisho ya simfoni yake ya sita, ya mwaka 1893, ambamo noti za lahani zimegawanywa baina ya makundi mawili ya wapiga fidla. Hakuna kundi linalopiga lahani yenyewe, na ukumbini kila mtu huisikia.

Nasi Afrika Mashariki tunao ushahidi wa kutosha, na kwa maoni yangu ni mzito kuliko ule wa Tchaikovsky. Katika marimba ya amadinda ya Buganda, yenye mapao 12, wapigaji wawili huketi wakikabiliana: omunazi huanza mfululizo wake kwa mwendo ulio sawa, na omwawuzi huzitia noti zake katika nafasi zilizobaki. Mwendo ni wa kasi mno, hata noti hujitenga zenyewe, za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, na msikilizaji husikia lahani ambayo hakuna mkono wowote unaoipiga. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, huisikiliza ile itokanayo na mapao mawili ya chini kabisa, akairudia juu kwa mapao yake mawili. Yaani cheo chake kizima kimejengwa juu ya kitu kilichomo masikioni tu. Gerhard Kubik wa Austria alijifunza ufundi huu kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa jumba la Kabaka, akauandikia makala mwaka 1960, miaka mingi kabla ya majaribio ya San Diego. Mafundi wa Buganda hawakuhitaji mtambo wa kuwafundisha sheria hiyo. Waliitawala na kuitumikisha.

Mwaka 1995, Deutsch alipokuwa akihariri maelezo aliyoyasema kwa sauti yake mwenyewe, alikitenga kifungu cha maneno machache akakiacha kijirudie. Baada ya kurudiwa mara kadhaa maneno yale yakawa wimbo. Hapakuongezwa wala kupunguzwa kitu, na aliyekwisha kuusikia wimbo huo, akisomewa sentensi nzima, huona kuwa msemaji anazungumza kisha ghafula anaimba. Katika majaribio yake yote hakuna linalonistaajabisha kama hili, kwa maana linaitia shaka mipaka tuliyodhani Mungu ameiweka wazi baina ya kusema na kuimba.

Usemi ulikuwa umemshughulisha hata kabla ya hapo. Alikuwa ameonyesha mwaka 1986 kuwa jozi fulani ya sauti za kompyuta, zilizotengana kwa nusu ya oktavi, huyu huzisikia zikipanda na yule zikishuka. Na mwaka 1991 akaonyesha kuwa watu wa California na wa kusini mwa Uingereza huelekea kuzisikia kinyume. Matamshi ya nyumbani, alihoji, huwekea sikio kipimo. Kabla ya kazi hizo alikuwa amehariri kitabu kikubwa cha saikolojia ya muziki, kilichotoka 1982, na mwaka uliofuata akawa mhariri mwanzilishi wa jarida la Music Perception.

Hoja yake ya lugha ilifika mbali zaidi mwaka 2006, alipowalinganisha, pamoja na wenzake, wanafunzi wa muziki wa Beijing na wa Rochester katika uwezo wa kuitaja noti kwa kuisikia tu, pasipo ya kulinganishia. Kwa walioanza mafunzo wakiwa na umri wa miaka 4 au 5, Wachina waliofaulu walikuwa takriban asilimia 60, na Wamarekani wasiosema lugha ya toni kama asilimia 14. Wako wanaoshikilia kuwa ni urithi wa damu. Yeye hushikilia kuwa mtoto wa Kichina hujifunza kimo cha sauti pamoja na maneno. Kiganda, Kikikuyu na Kihaya nazo hupambanua maneno kwa kimo, ijapokuwa si kwa namna ya Kichina, ilhali Kiswahili hakifanyi hivyo. Nami natamani sana kuona watafiti wa Makerere na wa Dar es Salaam wakiwapima kwa kipimo hicho hicho watoto wa lugha hizo na wenzao wa Pwani, walioanza kupiga ala kabla ya kutimiza miaka sita.