Dramu ya Breki ya Nyuma Iliyoganda



Msimu wa kuvuna kahawa ukifika Mbinga, lori kuukuu lililolala uani tangu mvua za kwanza ndilo linalotafutwa. Dereva anawasha, injini inaitika, anatia gea. Gari linanguruma tu, au linaburuta gurudumu moja la nyuma kama ng'ombe aliyegoma kulima. Hapo ujue dramu ya breki imeganda.

Wako wanaosema, "Livute kwa trekta, litaachia lenyewe." Pengine litaachia kweli. Lakini hutajua breki imebaki katika hali gani, na wewe unateremka na magunia na watu kuelekea Mbamba Bay. Milima ya Umatengo inapita mita 1,500, na Ziwa Nyasa liko mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari. Huo ni mteremko mrefu. Lami ya siku hizi haiupunguzi, bali inamtia dereva tamaa ya mwendo.

Kwa nini inaganda? Dramu ni chuma cha kumimina, na unyevu wa miezi ya mvua hukitia kutu. Kutu hiyo hushika viatu vya breki kwa ndani, hasa gari likiachwa limevutwa breki ya mkono. Kutu nyingine hushika pale dramu inapokaa juu ya habu. Tena dramu iliyotumika miaka mingi huliwa na kubaki na ukingo kwenye mdomo wake, na ukivuta, viatu vinakwama nyuma ya ukingo huo.

Basi, weka lori mahali tambarare. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa, mbele na nyuma yake. Legeza nati kabla ya kuinua. Hapa wengi wamevunja spana: katika malori mengi ya zamani, nati za upande wa kushoto hufunguka kwa kugeuza kulia, kinyume na tulivyozoea. Piga jeki, kisha egemeza ekseli juu ya magogo imara. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Achia breki ya mkono. Kama lori lako ni la breki za upepo, huenda zimekaza kwa sababu tangi halina upepo, kwa hiyo jaza upepo kwanza. Na lile kopo lenye springi nyuma ya ekseli usilifungue kamwe. Springi yake inaua.

Toa magurudumu, kisha sikrubu ndogo zinazoshika dramu. Ikiwa dramu yako imefungwa pamoja na habu, mwite fundi, maana ni lazima ekseli itolewe. Sasa nenda nyuma ya bamba la breki, utafute ajasta, uirudishe mpaka viatu vilegee. Kazi hii ndiyo watu huiruka, halafu wanapiga nyundo mchana kutwa.

Mimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo kuzunguka habu na kwenye bolti. Yasiingie ndani kwenye viatu. Acha mpaka kesho yake. Asubuhi gonga uso wa dramu kati ya bolti na bolti, ukizunguka, huku umeweka kipande cha mti. Usipige ukingo, utapasuka. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi: ingiza bolti mbili zinazolingana, kaza hii nusu mzunguko, na ile nusu mzunguko, ukigonga katikati ya zamu. Itatoka kwa kishindo, kwa hiyo weka miguu mbali. Moto usiwashe. Mafuta ya taa yapo pale, na sili ya habu haistahimili joto.

Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, inayoharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji.

Ukiona ufa, dramu hiyo haifai tena. Ukiona mafuta, tafuta silinda au sili inayovuja kabla ya kurudisha viatu vipya. Sugua kutu, paka grisi nyembamba kwenye habu tu. Kaza ajasta mpaka gurudumu lisugue, kisha irudishe kidogo lizunguke kwa uhuru. Jaribu breki lori likiwa tupu, kwenye tambarare, mara kadhaa. Baada ya kilomita chache simama, ushike dramu zote mbili kwa tahadhari. Moja ikiwa ya moto sana kuliko mwenzake, bado imekaza. Rudi kwenye ajasta kabla hujapakia gunia hata moja.