NAYE AULIZWE: NDUGU ZETU WENYE ULEMAVU WA AKILI NA HAKI YA KUJISEMEA



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, ukipita Mbagala, Tandika, Tandale au Mwananyamala, hukosi kumkuta mtu mzima ambaye watoto humwita zezeta, taahira au punguani. Majina hayo hayamfai Muislamu kuyatamka. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Jina lililo sahihi ni mtu mwenye ulemavu wa akili. Katika makala hii tutazungumzia watu hao wanapokuwa wakubwa: nafasi yao katika shughuli za jamii, na haki yao ya kujisemea wenyewe.

ULEMAVU WA AKILI NI NINI?

Ni hali inayoanza tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni, inayomfanya mtu achelewe kujifunza na kuelewa mambo kama kuhesabu fedha au kusoma. Wengine huzaliwa nayo. Wengine huipata kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa maradhi kama homa ya uti wa mgongo na malaria kali. Si laana, wala si jini.

Pia tusiichanganye na ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na una matibabu yake. Mwenye ulemavu wa akili si lazima awe mgonjwa. Anahitaji muda na maelezo mepesi. Tena hawafanani: yupo anayehitaji kulishwa, na yupo anayepanda daladala peke yake na kurudi nyumbani salama.

Kwa watoto, Dar es Salaam ina shule kama Mtoni Maalum iliyopo Temeke, na Sinza Maalum, ambayo zamani ilikuwa upande wa Kinondoni na tangu mwaka 2016 ipo Wilaya ya Ubungo. Kwa wakubwa kipo chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu Yombo, na kwa michezo ipo Special Olympics Tanzania. Hata hivyo, mtu akimaliza shule, sehemu kubwa ya maisha yake ni mtaani: msikitini, sokoni, harusini na mazikoni. Huko ndiko wengi wanakobaki wamekaa kibarazani, na kila jambo lao linaamuliwa na mwingine.

TULIPOSAHAU KUMUULIZA

Mwaka mmoja tulikuwa tunaandaa Maulidi ya madrasa. Katika mtaa wetu yupo kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu mwenye ulemavu wa akili, ambaye hufagia msikiti na kujaza maji ya kutawadhia. Nilikwenda kwao, nikamwambia mama yake, "Shikamoo mama. Tunaomba huyu kijana atusaidie kubeba majamvi." Kijana mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yangu.

Akasema, "Ustadh, niulize mimi. Mimi nataka dufu."

Watu waliokuwepo walicheka, na mimi nilicheka, Allah anisamehe. Tulisahau kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akikaa kila Alhamisi kusikiliza mazoezi ya kaswida. Mwalimu wa kaswida alipompa dufu, mapigo aliyajua. Kilichomshinda ni pale mapigo yanapobadilika. Basi akaketishwa karibu na mwenzake aliyemgusa goti kila yanapotaka kubadilika. Usiku wa Maulidi alipiga kaswida tatu. Na majamvi pia aliyabeba, safari hii kwa kukubali mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimejiuliza ni mambo mangapi tuliyomwamulia huku amesimama mbele yetu.

MTUME (S.A.W.) ALIWASIKILIZA

Wanafunzi wapenzi, jambo hili lina mfano katika Sunna. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa na upungufu katika akili yake alimwendea Mtume (s.a.w.), akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume (s.a.w.) hakumwambia alete ndugu zake waje kumsemea. Alimwita kwa jina la heshima, la mama wa fulani, akampa nafasi ya kuchagua njia anayoitaka ili amtimizie haja yake. Kisha akasimama naye njiani mpaka akamaliza.

Abu Dawud na Tirmidhi nao wamepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kisa cha mtu aliyekuwa na udhaifu katika akili yake, na alikuwa akiuza na kununua. Jamaa zake walimwomba Mtume (s.a.w.) amzuie asifanye biashara. Mtume (s.a.w.) alimwita na kumkataza, lakini yule mtu akaeleza kuwa hawezi kuvumilia kuacha biashara. Hapo Mtume (s.a.w.) akamfundisha maneno ya kusema kila anapouza au kununua, ya kuweka sharti kwamba pasiwe na hadaa.

Zingatia kisa hiki. Jamaa walikuwa na hofu ya kweli, na Mtume (s.a.w.) hakuipuuza. Lakini alimsikiliza na mwenyewe, akampa kinga itakayomwezesha kuendelea na kazi anayoipenda.

KALAMU KUINULIWA SI KUFUNGWA MDOMO

Wapo wanaosema, "Huyu kalamu imeinuliwa kwake, hana la kuulizwa." Ni kweli kwamba hadithi imetaja kuinuliwa kalamu kwa aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka apate akili. Lakini maana yake ni kutoandikiwa dhambi. Ni rehema kwake, wala si ruhusa kwetu ya kumdharau au kumdhulumu. Tena mwenye upungufu kidogo, anayepambanua mambo, hawi sawa na asiyejua lolote, na hukumu zake waulizwe masheikh.

Aya ya 282 ya Surat Al-Baqarah, katika mambo ya deni, imemtaja aliye dhaifu au asiyeweza kutamka maneno ya mkataba. Imeamrisha walii wake amsemee kwa uadilifu. Basi walii ni mwenye amana. Hawezi kuwa muadilifu kwa mtu ambaye hajawahi kumuuliza anataka nini.

WENYEWE WANAJISEMEA

Duniani, watu hawa wameanza kujisemea zamani. Mwaka 1974, katika jimbo la Oregon, Marekani, walifanya mkutano wao na kujiita People First, yaani sisi ni watu kwanza, ulemavu baadaye. Mwaka 2016 Robert Martin wa New Zealand, aliyefariki mwaka 2024, alikuwa mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kuchaguliwa katika Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu Wenye Ulemavu. Karibu na sisi, Zanzibar ina jumuiya yao iitwayo ZAPDD, iliyoanzishwa mwaka 1999.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9. Mtu kuheshimiwa utu wake na uhuru wake wa kuchagua ni miongoni mwa misingi ya sheria hiyo. Vilevile halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo 10 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024.

TUFANYE NINI?

1. Tuzungumze naye mwenyewe kwanza, kisha mzazi aongeze.

2. Tutumie maneno mepesi, swali moja kwa wakati mmoja, na tumsubiri ajibu. Asiyeweza kusema aonyeshwe vitu viwili achague.

3. Tumpe kazi inayojulikana katika Maulidi, futari na usafi wa msikiti, pamoja na mwenzake wa kumkumbusha. Wenzake wakilipwa, naye alipwe mkononi mwake.

4. Asiandikwe jina katika kikundi cha mkopo bila kuelezwa na kukubali.

5. Afundishwe kusema "sitaki" na kutoa taarifa akiguswa vibaya au akiibiwa. Wadhalimu huwatafuta watu hawa kwa kudhani hawatasema, na wakisema hawatasikilizwa. Aliyezoea kuulizwa mambo madogo ya chakula na nguo, na kuaminiwa, ndiye atakayethubutu kusema jambo kubwa.

Mwanafunzi mpenzi, ukitoka madrasa leo na ukamkuta ndugu yako huyu kibarazani, mpe salamu kwa jina lake, umuulize habari zake, na usubiri jibu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa wenye kusikiliza na kutenda haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.